Ijumaa tuliyotafuta jina la anko kwa Gazeti la Serikali

Hii ilikuwa 1987, mimi nimemaliza fomu foo juzijuzi, kazi sina, nakaa kwa anti yangu mtaa wa Jericho, Nairobi. Anko alikuwa amechukuliwa usiku na watu wa Spesho Branchi, wale polisi wa ujasusi, wakapekua nyumba mpaka ndani ya debe la unga, wakaenda naye pamoja na katoni moja ya vitabu. Tangu hapo kimya. Tulizunguka vituo vya polisi na kila mahali OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, haina jina lake, kuna kituo kimoja afande alimwambia anti labda mzee ameoa kwingine. Katiba ya wakati huo ilisema mtu akishikwa apelekwe kortini ndani ya saa 24, lakini hayo ungemwambia nani.

Kupata wakili ndio ilikuwa kibarua. Walikuwa wanakusikiza vizuri tu mpaka wajue ni mambo ya siasa, hapo ghafla wanakumbuka wana kesi ingine kortini. Na siwalaumu sana, Februari ya mwaka huo huo Gibson Kamau Kuria, wakili aliyekuwa akijitayarisha kuishtaki serikali kwa niaba ya watu waliosema wameteswa, alitiwa kizuizini, yaani kufungiwa bila kesi, yeye mwenyewe. Aliyekubali kesi yetu ni mzee mmoja wa ofisi ya chumba kimoja karibu na River Road. Alifunga mlango, akaongeza sauti ya redio, ndio akaanza kuongea.

"Mama, saa hii bwana yako kisheria hayuko mahali popote. Tuombe wamweke kizuizini."

Anti karibu amtusi. Yaani tumekuja atusaidie kumtoa, yeye anatuambia tuombe afungwe! Lakini mzee akatoa katiba kwa droo, akafungua kifungu cha 83, akatuelezea polepole. Mtu akizuiliwa chini ya ile sheria ya kulinda usalama wa umma, lazima apewe sababu kwa maandishi, kwa lugha anayoelewa, kabla ya siku 5 kuisha. Ndani ya siku 14 jina lake litangazwe kwa Kenya Gazette, ndilo hilo Gazeti la Serikali. Kabla ya mwezi kuisha kesi yake ipitiwe na tume, mwenyekiti wake amechaguliwa na Jaji Mkuu, halafu irudiwe angalau kila baada ya miezi 6, na ana haki ya kuja na wakili wake. Ujanja uko hapa: hizo siku zinaanza kuhesabiwa amri ya kumzuilia ikishaanza kufanya kazi. Ule usiku Land Rover ilikuja kwenu hauhesabiki. Kwa hivyo kama hakuna amri, mtu anaweza kukaa wiki nzima kwa seli isiyo na jina na hakuna saa yoyote inayotembea.

Sasa ndio tukawa watu wa Gazeti la Serikali. Linatoka Ijumaa, na sisi Ijumaa asubuhi tuko kwa Mpiga Chapa wa Serikali pale Haile Selassie, kwa laini na watu wa taitodidi zilizopotea na wa urithi wa marehemu. Mara za kwanza hatukuona kitu. Ijumaa ninayokumbuka mvua ilikuwa imenyesha, anti hakuwa na miwani na mimi ndiye nilikuwa nasoma, kidole kikishuka kurasa baada ya kurasa za mashamba na mirathi, wino unabaki kwa vidole. Halafu nikaliona. Tangazo fupi, jina la katikati limekosewa herufi moja, kwamba fulani anazuiliwa kwa mujibu wa sheria.

Nikamsomea. Akaniambia soma tena. Nikasoma tena, na huyo mama akapiga kigelegele hapo hapo kaunta, nikataka ardhi inimeze. Jamaa wa nyuma yetu akamwambia, "Hongera mama, umepata shamba?"

"Nimepata bwana," anti akajibu, akanunua nakala mbili.

Watu wakisikia hii stori leo wanaona kama anti alichanganyikiwa. Hapana. Lile tangazo lilimaanisha yuko hai, na kuna mtu serikalini ametia sahihi na siku moja anaweza kuulizwa. Watoto wa siku hizi wamekuta katiba ya 2010, ambapo kuzuilia mtu bila kesi kumekatazwa isipokuwa wakati wa hali ya hatari, na hata hapo haki ya kuletwa mbele ya jaji haiguswi. Wanafikiri tulikuwa hatuna sheria kabisa. Tulikuwa nayo, tena imeandikwa vizuri, ila meno ndio hayakuwepo.

Hayo ya meno anko alikuja kutueleza mwenyewe akitoka. Tume iliwaona hukohuko jela, mlango umefungwa, wazee wenye suti nyuma ya meza. Karatasi yake ya sababu ilikuwa inasema eti amehudhuria mikutano ya siri, basi, haisemi wapi wala na nani. Akauliza ni nani alisema hivyo, wakamwambia hilo haliwezi kutajwa kwa ajili ya usalama. Wakili wetu akaongea, akaongea tena, wakaandika.

Mwisho anko akauliza, "Wazee, mkiona sina makosa, mnaweza kunifungulia?"

Mwenyekiti akamwambia ukweli, kwamba wao wanapendekeza tu, waziri halazimiki kuwafuata.

"Basi naomba mpendekeze blanketi ya pili."

Hiyo walipendekeza, na wiki hiyohiyo aliletewa.