Nilivyojifunza kunyamaza mbele ya wazee

Nilipostaafu ualimu nilishajua nitafanya nini, wazee walikuwa wanaondoka mmoja mmoja na habari zao, na mimi nimefundisha historia miaka yote hiyo, nikaona kazi ya kuzirekodi habari hizo ndo yangu hasa. Kumbe wapi.

Mzee wa kwanza nilimwendea na daftari lina maswali 40. Ulizaliwa mwaka gani? Hajui. Mlihamia hapa mwaka gani? Hajui. Akisema kitu tofauti na nilivyosoma mimi namsahihisha hapo hapo, ualimu wenyewe haustaafu jamani. Baada ya nusu saa akawa ananijibu ndiyo na hapana tu kama mtoto aliyeitwa ofisini. Nimefika nyumbani nasikiliza rekodi, sauti iliyojaa humo ni yangu! Niliona aibu peke yangu chumbani.

Siku hizi naenda na picha moja ya zamani, nampa mzee, nanyamaza. Anaanza mwenyewe, huyu fulani, huyu alikuwa mkorofi, hapa nyuma palikuwa na mti. Miaka nayo inakuja kwa mlango mwingine, kuna bibi aliniambia mama yake alizaliwa mwaka ilipoonekana nyota yenye mkia, nikahangaika nayo wiki nzima nikakuta mwaka 1910 zilionekana mbili, moja Januari halafu ile inayoitwa nyota ya Halley kwenye mwezi wa nne na wa tano, kwa hiyo inawezekana kabisa ni mwaka huo. Ila maneno ya bibi nayaacha kama alivyoyasema, hesabu yangu naiandika pembeni. Na mtu akisema hili usirekodi, nazima.

Kwenye picha ninazoazima kwa watu niliharibu, sifichi. Niliandika majina kwa nyuma na kalamu ya wino, nikakandamiza, alama zikatokea upande wa sura. Iliyochanika nikaibandika selotepu, gundi ikageuka njano. Sasa natumia penseli laini tena kwa mkono mwepesi, kila picha na bahasha yake ya karatasi, naskani kwa dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi) na kuirudisha siku hiyo hiyo, maana ukikaa na picha ya mtu wiki mbili unaanza kuonekana mwizi.

Rekodi naweka nakala tatu, kompyuta, diski ya nje, na moja kwa binti yangu anayeishi mbali. Hiyo akili nimeipata baada ya flashi kufa na mazungumzo manne ndani, na wawili kati ya hao wazee walishazikwa.

Yule mzee wa kwanza nilimrudia. Nikampa picha, kimya. Akaniangalia weee, akasema mwalimu, leo maswali umeyaacha wapi? Nikamwambia leo sina, mzee wangu. Akaongea saa mbili na nusu, betri iliisha katikati na sikuthubutu hata kuinuka kutafuta nyingine, nikawa naandika kwa mkono tu.