Darubini ya kutazama ndege, namba kubwa isikudanganye

Mimi nilianza na 10x50 ya mtumba, nikajiambia namba kubwa ndio mambo yote, kumbe wapi, niko msitu wa Karura namtafuta ndege anaitwa chozi kwa maua, mkono unatetemeka kila kitu kinacheza, na shingo inauma ni kama nimebeba jiko. Saa hii niko na 8x42. Hiyo 8 ni mara ngapi inavuta, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ukigawanya 42 kwa 8 unapata kama 5, hiyo ni upana wa mwanga unaofika jichoni kwa milimita, unatosha hata asubuhi chini ya miti. (Kwarara, yule ndege wa kelele, hahitaji darubini, huyo atakuamsha mwenyewe.) Ukivaa miwani shukisha zile raba za macho. Kabla ulipe toka nje ya duka, lenga waya wa stima, ukiona nyaya mbili badala ya moja rudisha, hata muuzaji akuambie utazoea.