Kisigino husema asubuhi

Jumapili, mwezi mwandamo, bamvua

Saa tatu asubuhi pwani ya Paje, Unguja, imekupwa mpaka mbali, na wanaokimbia ni wengi. Inapendeza kuwaona. Lakini kila baada ya muda anapita mmoja anayechechemea kidogo, kisha mguu ukipata moto anakwenda sawa. Hapo hujiambia kwamba kisigino kimepoa. Hakijapoa. Kano ya kisigino iliyochoka hulalamika mwanzo wa mbio, hunyamaza katikati, halafu hutoa hukumu yake kesho yake asubuhi, mtu anaposhuka kitandani. Hukumu hiyo ndiyo ya kuandikwa kwenye shajara, kuliko kilomita.

Wengi huiita mshipa. Ni kano, kamba nene inayotoka kigimbini na kushikamana na mfupa wa kisigino kwa nyuma. Mbioni hubeba uzito wa mwili mara sita hadi nane: mtu wa kilo 60 huitwika kano kilo 360 hadi 480 kwa kila hatua, na kwa kilomita moja kila mguu hukanyaga mara 500 hivi.

Mchanga watu huuonea imani kwa kuwa ni laini. Kwa goti, pengine. Kwa kano hesabu ni nyengine. Mchanga mlaini wa juu hukizamisha kisigino chini ya vidole, kano ikavutika hadi mwisho, kisha ikatakiwa kuusukuma mwili kutoka kwenye ardhi isiyoshika. Juu ya hayo pwani ina mteremko, kwa hiyo mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwenziwe njia nzima.

Ndiyo maana mkimbiaji wa pwani zetu inampasa aujue mwezi kama mvuvi. Siku za bamvua, yale maji makubwa yanayojaa na kupwa mno, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne. Kila siku saa husogea kama dakika 50, na wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka: kupwa kunaangukia saa kumi, na maji hayatoki mbali, ukanda wa mchanga mgumu unakuwa mwembamba. Anayetoka saa kumi na mbili kila siku kwa mazoea hupata mchanga mgumu siku chache tu. Siku nyengine hubanwa juu kwenye mchanga mlaini, na wala haelewi kwa nini kisigino kimerudi kuuma wakati kilomita ni zile zile. Kwa Pemba mtihani ni vilima: kupanda huukunja mguu kama vile mchanga unavyofanya.

Kabla ya tiba yoyote, jua pahala panapouma. Kaa, legeza mguu, ibane kano kwa dole gumba na cha shahada, panda taratibu kutoka kisiginoni. Maumivu yakiwa sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, mara nyingi pakiwa na uvimbe mdogo kama kokwa, ni ya katikati ya kano. Yakiwa pale pale inaposhikamana na mfupa, ni aina ya pili, nayo ina sharti lake: haitaki kuvutwa. Kisigino kisishuke chini ya usawa wa sakafu kwenye mazoezi, na kipande cha raba cha sentimita moja ndani ya viatu vyote viwili huipumzisha. Kandambili bapa siku nzima huichokoza.

Kinacholifanya jeraha hili lisiishe ni namna tunavyolipumzisha. Mtu hukaa wiki tatu, maumivu yanapoa, anarudi kwenye kilomita zile zile, yanarudi. Anakaa tena. Kila mapumziko huipunguzia kano nguvu, kwa sababu kano hujengwa na mzigo. Ikikosa mzigo hulegea. Na hujengwa polepole mno, ni miezi. Kupunguza mbio ni sawa. Kuacha kila kitu ndiko kunakomrudisha mtu pale pale.

Mzigo wenyewe hauhitaji jimu. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Sweden na wenzake walichapisha mpango ambao mpaka leo ni msingi: simama kwenye kidato cha ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, panda kwa mguu usiouma, shuka polepole kwa ule unaouma. Mara 15, seti tatu goti likiwa limenyooka, seti tatu likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Ni mara 180 kwa siku. Ngazi za majumba ya ghorofa ya Michenzani, mjini Unguja, zinatosha kabisa, bora pawe na ukuta wa kushika. Goti lililokunjwa si pambo: hapo ndipo msuli wa ndani wa kigimbi unapofanya kazi, nao ndio unaobeba sehemu kubwa ya mbio ndefu. Wengi huuruka.

Kwa mtu wa kazi, naona ipo njia inayoshikika zaidi, na matokeo yake hayapungui: mara tatu kwa wiki, mzigo mzito, mwendo wa pole. Sekunde tatu kupanda, tatu kushuka. Anza na mara 15 kwa seti, na kadiri wiki zinavyokwenda ongeza uzito na upunguze idadi mpaka mara 6. Uzito ni begi la mgongoni lenye madumu ya maji; lita moja ni kilo moja, kwa hiyo madumu mawili ya lita tano ni kilo kumi, na kuongeza ni rahisi. Kosa la kila mtu ni haraka: akifika seti ya pili anadunda badala ya kupanda. Mwezi wa Ramadhani zoezi hili liwekwe baada ya tarawehe, maji yakiwa yameshaingia mwilini.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, usivuke 5, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakipanda, mzigo wa jana ulizidi: punguza, usiache.

Mafuta ya karafuu na kuchuliwa havina ubaya, kigimbi hulegea na mtu hulala vizuri, ila visimfanye aache zoezi la ngazi, na mchuaji asikandamize ile kokwa. Dawa za maumivu kabla ya mbio huziba mdomo wa shahidi. Sindano ya steroidi ndani ya kano ni ya kuiogopa, huweza kuidhoofisha hadi ikakatika. Na dawa moja inayonunuliwa kiholela kwa ajili ya tumbo au mkojo, ciprofloxacin, inajulikana kudhuru kano; mwambie daktari kwamba unakimbia kabla hajakuandikia. Ukisikia kishindo nyuma ya mguu kama umepigwa jiwe, ukashindwa kusimama kwa vidole, lala kifudifudi, mtu akubinye kigimbi. Unyayo usiposogea, huenda kano imekatika: hospitali siku hiyo hiyo.

Mbio zirudi pale unapoweza kutembea nusu saa bila asubuhi kuharibika. Dakika moja kukimbia, mbili kutembea, mara kumi, kwenye barabara tambarare, kisha siku mbili za kupumzika kwa sababu kano huchelewa kujibu. Kasi na vilima ni vya mwisho. Mchanga pia. Siku ya kwanza ya pwani iwe dakika 20 tu, maji yamekupwa, viatu miguuni, kwenda na kurudi kwa mstari ule ule ili mteremko ugawanyike kwa miguu yote. Kesho yake, kabla ya kuvaa kandambili, tembea hatua kumi kutoka kitandani hadi mlangoni, na uandike namba ya maumivu.