Kumbe ni betri tu jamani
Hii simu yangu mwaka wa nne sasa ilishanichosha, asubuhi inatoka kwenye chaji 100 nikifika Ubungo iko 41, halafu ikigusa 20 inajizima ghafla kama luku imeisha, nikiichomeka inawaka inasema 18. Nikajua virusi, nikafuta mapicha, nikatoka magrupu yote, wapi! Jana fundi wa Kariakoo kaifungua, betri imevimba mpaka kioo kimeanza kubanduka. Kaniambia betri ikichoka haisukumi umeme wa kutosha, kwa hiyo simu zingine zinajipunguza spidi zenyewe zisizime. Nimeweka mpya, sasa WhatsApp inafunguka kabla sijatoa kidole 😅 na mimi nilishaanza kudunduliza hela ya simu nyingine