Malaika Alianza na Mkate

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii nimekuwa mtu wa kulala mchana. Daktari alinifunga ule mshipi wa presha mkononi, ukanibana mpaka vidole vikaingia ganzi, akausoma, akaufunga tena: 160 kwa 100. Akaniambia nimeze vidonge kila siku, nipunguze chumvi, na alasiri nijilaze, miguu juu ya mto, kwa kuwa imevimba. Vidonge si kazi. Papa wa ng'onda nitamwacha, ingawa kwa hilo mniombee. Kinachonishinda ni kule kulala. Feni inazungusha joto lilelile la kaskazi, nje nasikia makanga wanaita Likoni, Likoni, nami roho inanishtaki: wenzio wako shambani mwa Bwana, wewe umejinyoosha.

Katika hali hiyo nikarudi 1 Wafalme 19. Nabii Eliya wa mlima Karmeli, aliyeomba moto ukashuka, tunamhubiri mpaka vipaza sauti vinakwaruza, ila huyu wa chini ya mti wa mretemu, aliyechoka hata akaomba afe, tunampita mbio. Hebu tazameni alivyotendewa. Hakukemewa. Hakuambiwa imani yake imepungua. Malaika alimgusa tu: "Inuka, ule." Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, na malaika hakunung'unika! Alimwacha alale, kisha akarudi kumgusa mara ya pili: "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Lile swali zito, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilimngoja Horebu, mlima wa Mungu, mwendo wa siku 40 mbele. Kwanza mkate na usingizi.

Sasa niseme jambo, na mnivumilie.

Sisi tumeugeuza uchovu kuwa sifa. "Mama yule ni wa rohoni kweli, hali, halali." Anatoka kwenye kesha alfajiri, anapitia sokoni Kongowea kuchukua bidhaa, mchana kutwa yuko kibandani, jioni yuko kwaya, na tunampigia makofi. Akilalamika kiuno, tunamwambia ajitie nguvu. Ndugu zangu, Paulo alishaliona hili. Wakolosai 2:23 yasema kuutawala mwili kwa ukali kunaonekana kana kwamba kuna hekima, lakini hakufai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili. Unaweza kuutesa mwili mwezi mzima, na ulimi wako usiguswe hata kidogo. Tunawajua watu hao, na wengine wetu ni hao.

Kubwa zaidi ni hili la sukari. Kuna wapendwa wanaotumia dawa za sukari na wanaingia mfungo kimyakimya, wasionekane wadhaifu. Insulini na baadhi ya vidonge hushusha sukari hata kama hujala. Umemeza asubuhi, hujatia kitu tumboni, ikifika mchana jasho linakutoka, mikono inatetemeka, maneno yanachanganyika, na usipowahiwa unazimia. Nilimwona dada mmoja akiwa hivyo, ameketi anatetemeka, na waliomzunguka wanakemea pepo. Mzee mmoja akapenya katikati yao na soda, akamnywesha taratibu. Muda si mrefu dada akawa anauliza viatu vyake viko wapi.

Tuktuk ikikata breki hapo Buxton hatuikemei, twaipeleka kwa fundi. Mbona mwili, ambao ni hekalu la Roho Mtakatifu, tunaunyima hata hicho?

Na wewe uliyeacha vidonge kwa sababu uliombewa, nakusihi kama dadako. Naamini uponyaji, nimeuona. Lakini wale kumi wenye ukoma katika Luka 17, Bwana aliwaambia, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani," maana hao ndio waliokuwa wakithibitisha kwamba mtu amepona. Nawe nenda ukapimwe. Kama umepona, Mungu haogopi kipimo, na daktari mwenyewe atakupunguzia dawa. Timotheo naye alikuwa mtumishi mwenye tumbo baya, na Paulo, ambaye Mungu alifanya miujiza kwa mikono yake, alimwandikia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa ya mara kwa mara. (Wale mnaoushika mstari huu kwa furaha, tulieni, ni tumbo.)

Nikiwa nimejilaza nilimkumbuka pia Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo ya Nyali. Mwaka 1853 ugonjwa ulimrudisha kwao Ulaya. Hata hivyo, Kiswahili hakukiacha: kamusi yake ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Aliyerudi mgonjwa bado alikuwa na kazi mkononi.

Kesha la Ijumaa lipo. Nimezungumza na mama mchungaji, tutavunja saa sita usiku badala ya alfajiri, na wanaokwenda Mikindani na Changamwe watapanda gari moja. Wenye dawa za sukari au presha, na akina mama wajawazito, msifunge kabla hamjaongea na daktari. Uji utakuwepo, na wa kwanza kujipakulia nitakuwa mimi.