Kadi za mkazo: kundi la -ic limekamilika

Kadi zangu za maneno marefu ya Kemia na Biolojia nilikuwa nimezipanga kwa alfabeti. Sasa nazipanga kwa viishio, maana kwenye Kiingereza kiishio ndicho mara nyingi kinachoamua mkazo ukae wapi.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza hapa Tanzania huenda na mazoea hayo hayo kwenye masomo ya Kiingereza. Kwa -ic, -osis, -itis na -tion, mazoea hayo yanamfaa: a-TO-mic, os-MO-sis, he-pa-TI-tis, res-pi-RA-tion. Hata deoxyribonucleic, pamoja na silabi zake 8, inatii: de-o-xy-ri-bo-nu-CLE-ic. Hapa mwanafunzi aachwe aitumie lugha yake, asisumbuliwe. Arsenic imegoma, AR-se-nic, kwa hiyo nimeiandika kwa wino mwekundu.

Kamusi za Kiingereza hukata bi-ol-o-gy. Mimi naandika bi-O-lo-gy, kwa kuwa sisi tumezoea silabi inayoishia na irabu. Mkazo unabaki palepale.

Kazi ngumu iko kwenye -logy, -lysis na -ity, ambako mkazo unarudi hadi silabi ya tatu kutoka mwisho: e-co-LO-gy ni kosa, e-CO-lo-gy ndiyo sahihi, vilevile e-lec-TRO-ly-sis, a-CI-di-ty. Photosynthesis na photosynthetic nimeziweka kwenye kadi moja, moja juu ya nyingine:

pho-to-SYN-the-sis
pho-to-syn-THE-tic

Zisome kwa sauti, bila haraka. Ile e ya *the*, ambayo juu inamezwa karibu yote, chini inasikika wazi kabisa. Kadi hii naipenda kuliko zote, kwa sababu sikio linaelewa kabla mwalimu hajaeleza kanuni.

Kwenye vipimo nimegawa mafungu mawili. Vyombo: ther-MO-me-ter, ba-RO-me-ter. Vizio vya urefu: CEN-ti-me-tre, MIL-li-me-tre. Kilometre nimeipa alama mbili, kwani Waingereza wenyewe wengine husema KI-lo-me-tre na wengine ki-LO-me-tre, na mwanafunzi atazisikia zote.

Kundi linalofuata ni vitenzi vya -ate pamoja na nomino zake. Kadi mbili za kwanza ziko tayari: e-VA-po-rate na e-va-po-RA-tion, GER-mi-nate na ger-mi-NA-tion.