Taa za Muhindi wa dukani, nimeelezwa maana yake na mwanangu wa miaka mitano

Nipo Masasi kwa mama wiki ya tatu sasa, tumekuja likizo ya Agosti ya shule za Uingereza, na leo asubuhi mwanangu kaanzisha mjadala ambao mpaka saa hii haujaisha. Tumekaa barazani tunakula mihogo na chai, mama ndo katoka kusali dhuha, mjomba wangu mkubwa kaja kutusalimia, huyu mtoto kamtazama weee halafu akamuuliza, babu, kanisa lako lina Papa au halina? Mjomba ni Mwanglikana tangu kuzaliwa, ana miaka sabini na kitu, kacheka mpaka kaweka kikombe chini, akamwambia halina mjukuu wangu, sisi tuna askofu wetu. Mtoto akasema sawa, maana juzi kwenye basi tulipita Ndanda na mama akasema lile kanisa ni la Papa. Akaendelea na mhogo wake.

Kaka yangu hakucheka. Akaniambia mdogo wangu, kule mnamsomesha mtoto dini za watu sita saba, mwisho wa siku atarudi hana hata moja. Nimemjibu pale pale lakini sikumjibu vizuri, ndo maana naandika.

Kwanza wasiojua wajue. Uingereza somo la dini ni lazima kwenye shule za serikali tangu sheria ya elimu ya 1944, na sheria ya 1988 ikaweka kwamba mtaala uonyeshe kuwa dini ya nchi ile kwa sehemu kubwa ni Ukristo, ila dini nyingine kubwa zilizopo nazo zifundishwe, yaani Uislamu, Uhindu, Uyahudi, Usikh, Ubudha. Sio kwamba mtoto anafundishwa kusali, anafundishwa watu wanaamini nini na wanafanya nini. Mzazi hutaki, unaandika barua mwanao anatolewa kwenye somo na hakuna anayekudai sababu. Na mi niliiandika hiyo barua. Mtoto alikuwa na miaka mitano, karudi na kijitaa cha udongo kakipaka rangi, ananisimulia habari za Rama na mkewe Sita, wa hadithi za Kihindu, jinsi walivyorudi nyumbani watu wakawawashia taa njia nzima, nikaogopa jamani, nikasema huyu ananiponyoka. Barua ilikaa kwenye simu wiki nzima, kila nikitaka kutuma mkono unasita.

Sisi tunakaa Leicester, mji wenye Wahindi wengi, ikifika Diwali, sikukuu yao ya taa, barabara ya Belgrave inawaka taa watu wanatoka miji mingine kuja kuona. Wengi wao wazee wao walitoka huku kwetu Afrika Mashariki, wengine ndo wale Amin aliwapa siku tisini waondoke Uganda mwaka 1972. Sasa wiki ileile ya barua nipo getini nasubiri watoto watoke, namsemesha mwanangu Kiswahili, bibi mmoja wa Kihindi mwenye sari na koti zito kageuka, akaniuliza, mama, we mtu wa wapi? Nikamwambia Mtwara. Akashika mdomo. Mi mtu wa Lindi, kasema, baba alikuwa na duka Lindi mjini. Nikampa shikamoo bila kufikiri, na yeye kaitikia marahaba mwanangu kama mtu ambaye hajaondoka hata siku moja. Mwanangu akamwonyesha kile kijitaa, akamwambia sisi tumejifunza hiki ni cha kumkaribisha Lakshmi, mungu wenu wa kike wa neema, aingie nyumbani, bibi wa watu macho yakajaa machozi, akampapasa kichwani.

Nilirudi nyumbani nikiwa kimya. Maana mi nimekulia Mtwara mjini, nyumba ya nne kutoka duka la Banyani, kila mwaka anapanga vijitaa mlangoni, na sisi watoto tulikuwa tunaambiwa msipite pale usiku, yale ni mambo ya mizimu. Tulikuwa tunakimbia kweli! Sukari tunanunua kwake, mafuta ya taa kwake, mama akikosa hela anatukopesha, lakini taa zake tunazikimbia. Miaka yote ile hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeniambia kwamba yule mzee anamkaribisha mgeni nyumbani kwake tu. Nimekuja kuambiwa na mtoto wa miaka mitano, nikiwa mtu mzima, kwenye nchi ya baridi. Barua nikaifuta.

Na hata majirani wa karibu zaidi hatukufundishwa. Mnakumbuka kipindi cha dini shuleni? Kengele inagongwa, Waislamu chini ya mwembe na ustaadhi, Wakatoliki darasa la tano na katekista, Waanglikana kule nyuma. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja tangu la kwanza alikuwa anainuka anaenda kwao na mi naenda kwetu, tukirudi tunaendelea na hesabu kama hakuna kilichotokea. Hatukuulizana hata siku moja mlisoma nini. Naelewa sababu yake, katiba yetu ibara ya 19 imeweka shughuli za dini nje ya mamlaka ya nchi, kwa hiyo kila dini inakuja kufundisha watoto wake, na hilo limetusaidia kukaa kwa amani, silidharau. Ila amani ile ilikuwa ya kutoulizana.

Leo mjomba baada ya kucheka kamkalisha mtoto akamweleza jinsi Askofu Steere wa Waanglikana alivyoleta watu walioachiwa huru kutoka utumwani Unguja mwaka 1876 wakaanzisha kijiji hapahapa Masasi. Akamweleza na jando lake yeye mjomba, kwamba lilikuwa la kikanisa, maana Askofu Lucas miaka ya nyuma alikuwa amekaa na wazee akaitazama mila ya jando, akaichukua akaitia sala badala ya kuipiga marufuku. Mi nimesikiliza mdomo wazi. Ndugu wa damu wa mama yangu! Mama alisilimu alipoolewa na baba, kaka zake wakabaki Waanglikana, tumekula Idd na Krismasi pamoja maisha yetu yote, na habari ile ndo kwanza naisikia, na nimeisikia kwa sababu kuna mtoto kauliza.

Sisemi shule za kule zimekamilika. Mwaka huu walimpa karatasi ya kuunganisha picha na dini, Muislamu ni mwanamume mwenye kanzu jangwani basi, mtoto kamwambia mwalimu bibi yangu ni Muislamu anavaa kanga na analima korosho, mwalimu akamwambia ni sawa lakini unganisha hii. Iliniuma. Nikaenda kumwona, nikaomba niingie darasani, na namshukuru alikubali. Nilienda na kanga ya mama na msala wake, nikawaeleza watoto kwetu Krismasi mjomba akiwa na mbuzi anamwita jirani Muislamu aje achinje, ili siku hiyo kila atakayefika ale. Mtoto mmoja akauliza, kwani jirani asipokuja? Nikamwambia wanamsubiri.

Kuhusu kuchanganyikiwa, kaka, huyu mtoto Jumamosi yuko madrasa, Fatiha anaisoma vizuri kuliko mi nilivyokuwa umri wake, akiulizwa we dini gani hababaiki. Walipopelekwa hekalu la Masingasinga walivua viatu wakafunika vichwa wakapewa dengu na chapati, alichorudi nacho ni kimoja tu, mama, kitabu chao usiku kinalazwa, kina kitanda chake na shuka! Halafu akaenda kabatini akatazama msahafu wetu ulivyofungwa kwenye kitambaa kwenye rafu ya juu, akaniuliza, na wetu huu tunaulaza? Nikamwambia wetu tunauweka juu, hatuugusi bila udhu. Akasema kumbe wote wanatunza. Hapo kachanganyikiwa wapi?

Mi natamani hapa kwetu siku moja tu kwa muhula, ustaadhi na katekista wasimame darasa moja, watoto wote wakae pamoja waulize wanachotaka. Tuna walimu, tuna mwembe, hatuhitaji pesa ya mfadhili.

Kaka bado hajakubali, tumebishana mpaka chai imepoa. Mjomba kaomba Jumapili ampeleke mtoto kanisani akaone, mama kasema aende, avae gauni refu, na adhuhuri awe amerudi asali na mimi.